Pindo la Nani

Otilia hanigusi.
Ndilo jambo la kwanza nililomweleza Padri:
viganja vyake husimama hewani,
shibiri moja juu ya bega langu,
kama mtu anayeota moto
na moto wenyewe ni mimi.

Bega lilianza msimu wa korosho wa mwaka juzi.
Miaka kumi na tisa ya kubangua hapa Masasi,
mafuta ya ganda yamenila vidole
hata nikienda kusajili kitambulisho
mashine inasema sina alama.
"Mama, weka tena." Naweka tena.
Otilia hakuhitaji mashine. Alikuwa nesi Ndanda
mpaka alipostaafu,
na mgeni mmoja wa kujitolea alimfundisha wiki mbili
akamwachia cheti.
Kimetundikwa sebuleni, chini ya msalaba,
herufi zake kama vichanja vilivyoangushwa na upepo.
Reiki, anasema. Nguvu ya uhai.
Inapita tu, mimi ni bomba.

Nami bomba nalijua.
La kwetu Mtandi hutoa maji Jumatano,
na kabla sijakinga ndoo huuliza
leo yametoka wapi.

Nilipona? Nusu.
Usiku ule nililalia upande wa kulia,
mara ya kwanza tangu Kwaresima.
Lakini alipokuwa akinipitishia mikono
nilikuwa nasali Salamu Maria kimoyomoyo,
harakaharaka, kama mtu anayefunga madirisha
mvua ikiwa imeshaingia ndani.

Bibi mzaa mama alibatizwa akiwa mtu mzima.
Alfajiri ile alichoma hirizi zake uani,
moja moja,
majivu akayamwaga kwenye mchicha.
Mchicha ukastawi ajabu.
Hakuna aliyetaka kuula.

Sasa nijibuni, mliosoma:
ya Bibi ilikuwa ya shetani kwa kuwa imeshonwa kwa ngozi,
na hii ni safi kwa kuwa ina muhuri?
Tena Panadoli sijawahi kuiuliza dini yake.
Naimeza, nasema asante Mungu, nalala.

Padri hakunikemea.
Alikuwa anaziba pancha ya baiskeli, gundi mpaka kwenye kucha.
Akasema, yule mama aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili
alishika pindo tu,
ila alijua pindo la nani.
Kisha akaniomba nimshikie tairi.

Nimekaa na neno hilo tangu mavuno.
Kwa Otilia sikurudi.
Tukikutana sokoni nainamia nyanya,
nazipanga upya fungu ambalo si langu.

Jana usiku akabisha yeye.
Homa, meno yanagongana.
Dawa ameshakunywa, anangoja ifanye kazi.
"Niwekee mikono," akasema.
"Mimi sina wa kuniwekea."

Zile alama anazochora hewani sizijui.
Nilimwekea hivihivi,
viganja vyangu vilivyopasuka,
vikamgusa kabisa, paji la uso, jasho, mvi,
nikasema Baba Yetu kwa sauti,
nikakwama kwenye utakalo lifanyike,
nikaanza upya.
Sikuhisi joto ila la homa yake.

Akalala.
Ama dawa, ama Mungu, ama uchovu.
Mimi nilikesha kwenye kigoda, bega linawaka,
nikimwonea wivu kidogo, nikiri.

Kulipokucha aliniona ninavyoinua sufuria
kwa mkono wa kushoto.
Akanyoosha kiganja, akakisimamisha njiani.
"Nikuguse?"

Nikamwambia aseme kwanza, kwa jina la nani.

Akafumba macho, muda mrefu.
Chai ikachemka, ikamwagikia makaa,
na hakuna kati yetu aliyeinuka.